Miezi Aliyoificha Bi Hamida

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa kibanda cha tiketi, gatini Pande, kwa gundi nyingi ajabu, utadhani kuna mtu angetaka kuliiba. Lilisema kwamba kampuni, baada ya kutafakari kwa kina, imeamua kusitisha huduma ya abiria kati ya Pande na Kilwa Masoko, na kwamba meli ya MV Nuru ya Kusini itafanya safari yake ya mwisho siku ya Alhamisi, kisha itahamia njia nyingine huko kaskazini. Chini kabisa waliwashukuru wateja wao kwa ushirikiano. Siku tatu! Hata mpangaji msumbufu hupewa notisi ndefu kuliko hiyo.

Bi Hamida alilisoma tangazo lile kwa kuchezesha midomo, neno baada ya neno, na beseni la mihogo likiwa kichwani. Alipofika kwenye neno Alhamisi alilirudia mara mbili. Akalitua beseni, akaketi chini kando yake. Waliomwona walidhani analilia soko lake, kwa sababu mihogo yake ndiyo iliyokuwa ikiliwa na abiria wa meli ile kwa miaka mitano. Mwanamke mmoja alimpa pole na kumwambia riziki ni ya Mungu. Bi Hamida akaitikia, lakini mihogo haikuwamo kabisa katika mawazo yake. Alikuwa akimfikiria binti yake Hafsa, aliyekuwa nyumbani akipembua mchele, mimba yake ikiwa na miezi minane na nusu, na Pande nzima ikijua kuwa ni miezi saba.

Sasa, ili mtu asimwone Bi Hamida mwongo wa bure, inafaa ajulikane. Ana miaka hamsini na mitatu, na yote ameikaa Pande, ukiondoa miezi minne aliyoolewa Mitole akarudi kwao, kwa madai kwamba kule mtu anaweza kusahau harufu ya samaki. Baadaye akaolewa na Abilahi, mtu mpole wa kupalilia mikorosho na kuafiki yote anayoambiwa na mkewe. Mimba yake ya kwanza Bi Hamida hakuificha. Alikuwa kijana, alikuwa na furaha, na furaha ya namna ile ina mdomo mpana. Siku moja wanawake walikaa uani wakibangua korosho, mmoja akamuuliza siku zake, naye akajibu kwa sauti, "Mwezi ujao namaliza, inshaallah." Mwenzake mmoja, waliyechezwa naye unyago mwaka mmoja, akamtazama tumbo akasema, "Tumbo zuri hilo." Akasema hivyo tu. Hakutia mashaallah.

Mtoto yule alizaliwa amekufa, baada ya siku mbili za uchungu, kwenye chumba cha mama yake Bi Hamida. Mwanamke aliyesahau mashaallah siku hizi anaitwa Mama Jafari, na nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwa Bi Hamida. Hawajawahi kugombana. Husalimiana, hualikana, hupikiana misibani. Lakini kuanzia siku ile Bi Hamida hakumtajia mtu hesabu ya mimba yake yoyote. Alipokuwa na miezi minane alisema sita, na alipoulizwa zaidi alisema hana kumbukumbu. Akazaa watoto watatu wazima. Ukimwambia kwamba hicho si kitu cha jicho, kwamba kifo kile cha kwanza kilitokana na uchungu wa muda mrefu bila hospitali, atakutazama kwa huruma, halafu atakuuliza hao watatu basi waliponea wapi.

Kwa hiyo Hafsa alipopata mimba huko Masoko alikoolewa, mama yake alipanga kila kitu kwa umakini. Uzazi wa kwanza ni kwa mama, hilo halina mjadala. Binti akaletwa Pande na begi lake. Lakini alikuja na kadi ya kliniki ya Masoko, na ndani ya kadi ile daktari alikuwa ameandika kwamba mtoto amekingama tumboni, na kwamba mama huyu azalie hospitali tu, si kwingine. Bi Hamida aliisoma kadi mara tatu. Hakuipuuza, mtu asimsingizie. Aliona kwamba yote mawili yanawezekana: Hafsa atakaa kwa mama yake mpaka siku zikaribie, kisha asubuhi moja wataingia melini kimyakimya kama watu wanaokwenda kununua vitenge, na baada ya saa moja na nusu watakuwa Masoko. Meli ilikuja mara tatu kwa wiki. Meli haikuwa na maneno.

Tatizo lilikuwa zahanati. Nesi Stefania, binti wa watu wa bara, mchapakazi kweli, alikuwa na tabia moja mbaya: aliita wajawazito kwa sauti. Benchi zima likisikia, yeye angetangaza jina na wiki za mimba kama mwalimu anayeita mahudhurio. Na kwenye benchi lile Mama Jafari hakukosekana, maana mkwewe, Rehani, naye alikuwa mjamzito. Bi Hamida akaona hapana. Akaificha kadi ya Masoko chini ya godoro, akamwambia nesi kwamba imepotea, na akataja tarehe za kubuni. Stefania akafungua kadi mpya. Alipopima alikunja uso.

"Mama Hafsa, mbona tumbo linazidi miezi?"

"Ukoo wetu watoto wakubwa," Bi Hamida alijibu akicheka. "Huyu mwenyewe nilimzaa ana meno karibu yatoke."

Benchi likacheka. Alitoka pale akijipongeza. Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya tangazo.

Jumatatu ile ile, alipopata nguvu ya kusimama, alikwenda dirishani kwa Dismas, mkatisha tiketi. Tiketi za Alhamisi zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wamepata fununu tangu juzi, na kila mwenye mgonjwa, mwenye mwanafunzi, mwenye kuhama, alishachukua nafasi yake.

"Zimebaki sita tu, na si za kuuza," Dismas alisema. "Nesi ameziomba kwa ajili ya wajawazito wa miezi minane kwenda juu. Wakakae kwenye nyumba ya kusubiria kule hospitali, maana huku meli ikiondoka ndiyo basi tena. Na usiniombe niongeze kichwa, mama. Chombo kina idadi yake. Siongezi hata mtoto mchanga."

"Miezi minane kwenda juu," Bi Hamida alirudia.

"Wa kwako si ana saba? Huyo bado. Barabara itakuwa imekauka mpaka afike."

Barabara haikuwa imekauka. Mvua za masika zilikuwa zimezoa daraja la magogo, na bodaboda walikuwa wakifika ukingoni na kugeuza. Bi Hamida alikwenda mwenyewe kutazama, akaona maji mekundu yakipita kwa kasi pale lilipokuwa daraja, akarudi bila kumwambia mtu alikotoka.

Jumanne alijikaza akaenda zahanati. Njiani aliyapanga maneno, akayapanga tena. Angemvuta nesi pembeni, angemweleza, kadi ingeandikwa upya, mambo yangekwisha. Lakini Stefania alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, na kwenye benchi, mbele kabisa, alikaa Mama Jafari na mkwewe Rehani.

"Shikamoo, Mama Hafsa," nesi aliita kutoka mbali, kwa sauti yake ile ile. "Kuna nini? Hafsa mzima?"

Macho ya benchi zima yakamgeukia. Mama Jafari naye akamtazama na kutabasamu, tabasamu la kawaida tu la jirani, na Bi Hamida akajifunika kanga vizuri katika jua la saa nne.

"Marahaba, mwanangu. Mzima. Mimi nimekuja kuomba panado. Kichwa."

Akapewa panado. Akatoka nazo mkononi, na alipofika kwenye kona ambako hakuonekana aliegemea ukuta na kujipiga paja. Alijiita mjinga. Kisha akajitetea, kwamba kama angesema pale, mbele ya macho yale, mtoto angepona kwenye uzazi afe kwa jicho, ingefaa nini? Hofu zilikuwa mbili, na kila alipoikimbia moja aliangukia kwenye nyingine.

Jumatano alimwendea Likwata, mwenye boti ya faiba. Likwata alimsikiliza, akatazama bahari, akakuna kidevu.

"Kuvusha nitamvusha, mama. Lakini mimi sikudanganyi. Siku hizi bahari imechafuka, boti inapigwa, maji yanaingia, wanaume wanatapika. Mjamzito akianza uchungu katikati pale, mimi namfanyia nini? Nina usukani na kopo la kuchotea maji, basi."

Siku hiyo hiyo alasiri, Hafsa alikuwa akifua uani. Akaacha kufua. Akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili na kutoa pumzi moja ndefu, uso umegeuka rangi. Bi Hamida aliyekuwa jikoni aliangusha mwiko.

"Nini? Imeanza? Niambie, imeanza?"

"Sijui, mama. Imebana. Inaachia."

Walikaa chini wote wawili, kwenye maji ya sabuni, wakisubiri. Bi Hamida aliweka kiganja ubavuni mwa binti yake na kuhisi pale kitu cha mviringo, kigumu, kikubwa kama nazi iliyofuliwa. Kilikuwa kichwa. Kilikuwa ubavuni. Alikuwa ameishi na neno lile la daktari kwa wiki nyingi kama maandishi tu, na sasa lilikuwa chini ya mkono wake. Aliogopa hivi kwamba alianza kusoma Ayatul Kursiy na kuipoteza katikati, yeye aliyeijua tangu chuoni.

Ule mbano haukurudi. Lakini Hafsa, binti ambaye hajawahi kumpinga mama yake hata katika kuchagua kanga, alisema polepole bila kumtazama, "Mama, tuseme tu."

"Ukisema watanimalizia mjukuu."

"Na tusiposema?"

Bi Hamida akavuta beseni, akaendelea kufua yeye. Abilahi aliporudi shamba alikuta chakula kimeungua, akala bila kuuliza. Naye aliamini ni miezi saba. Wanaume huhesabu wanachoambiwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi gati lilikuwa limejaa. Meli ilikuwa imefunga kamba, nyeupe na michirizi ya kutu, ndogo kuliko watu walivyozoea kuiona, labda kwa sababu inaondoka. Bi Hamida alikuja na Hafsa na begi. Waliomuuliza aliwaambia wamekuja kuaga tu. Tumaini lake lilikuwa moja, tena la aibu: kwamba mmoja wa wale sita atakosekana. Amechelewa, amebadili mawazo, vyovyote.

Hakukosekana mtu. Stefania alisimama kwenye ngazi na daftari, akaanza kuita, na kila aliyeitwa alitoa kadi yake, ikatazamwa, akapanda. Wa kwanza, wa pili. Bi Hamida alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya kanga. Wa tatu, wa nne, wa tano.

"Rehani. Wiki thelathini na tano, damu pungufu," nesi aliita.

Rehani akaja na mkwewe nyuma yake amebeba begi. Kadi ikatazamwa. Mguu wa Rehani ulikuwa juu ya ngazi, na baharia alikuwa ameshashika kamba ya nyuma tayari kuifungua, wakati Hafsa alipojikunja tena. Safari hii alipiga kelele. Haikuwa kelele kubwa, lakini mama yake aliisikia mpaka kwenye mifupa.

"Miezi minane na nusu!" Bi Hamida alipaza sauti. Gati zima likageuka. "Nesi, mwanangu, mwanangu nilikudanganya, ni miezi minane na nusu inakwenda tisa, na mtoto amekingama, daktari aliandika, kadi hii hapa, mimi niliificha, mimi, si yeye!"

Aliitoa kifuani ile kadi ya Masoko, imelowa jasho. Stefania aliisoma pale pale. Akamvuta Hafsa nyuma ya kibanda cha tiketi, na alipotoka huko uso wake ulikuwa umebadilika.

"Unajua ulichokifanya, mama? Huyu nilipaswa kumpeleka wiki mbili zilizopita!"

Bi Hamida akalichukua begi la Hafsa.

Nesi akamgeukia Dismas. Dismas akatikisa kichwa. Nesi akawauliza abiria kama kuna wa kutoa nafasi yake. Watu wakatazama mizigo yao, wakatazama maji. Mmoja alikuwa na mama mgonjwa amelala kwenye mkeka, mwingine alikuwa na kila alichomiliki duniani kwenye magunia manne. Mwenye kutaka kuwalaumu awalaumu. Honi ikalia mara ya kwanza.

Stefania alifumba macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akamshika Rehani mkono, kwa upole, akamteremsha kwenye ngazi.

"Wewe wako amekaa vizuri," alimwambia. "Nitakuwa nawe mimi. Nisamehe."

Rehani alitazama mguu wake uliorudi gatini kama si wake. Hakulia. Mama Jafari alibaki ameshika begi. Hafsa alipita katikati yao, akiinama kwa uchungu na kwa haya, akapanda. Hakukuwa na nafasi ya mama. Kamba zikafunguliwa, meli ikarudi kinyumenyume, ikageuka, na wale waliokuwa na mtu ndani walipunga mikono. Bi Hamida hakupunga. Alisimama pale mpaka sauti ya injini ikapotea, akiogopa kugeuka nyuma, kwa kuwa alijua nani amesimama huko. Alipogeuka hatimaye, Mama Jafari na mkwewe walikuwa wamekwenda zao.

Simu ilikuja Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Alikuwa mkwewe, mume wa Hafsa, fundi pikipiki, akilia na kucheka kwa pamoja. Hafsa alipasuliwa usiku ule ule wa Alhamisi. Mtoto wa kiume. Wazima wote wawili. Daktari alisema kama wangechelewa kwa siku moja angekuwa anazungumza habari nyingine. Abilahi alisujudu pale pale barazani. Bi Hamida alishukuru, akajifuta machozi, akasubiri furaha imjae kama alivyowaona wengine ikiwajaa wakipata wajukuu. Ilikuja nusu tu, ikasimama mlangoni.

Akajifunga kanga, akazipita zile hatua mia mbili.

Mama Jafari alikuwa uani akimenya mihogo, na Rehani ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Ilikuwa imevimba. Bi Hamida aliiona, kisha haraka akashusha macho. Alijikuta anaogopa kumtazama yule binti tumboni. Yeye ndiye aliyeinyang'anya mimba hii nafasi yake. Kama kuna jicho baya Pande nzima, alifikiri, basi leo limo kichwani mwangu.

"Hodi," alisema akitazama udongo. "Nimekuja kuwaambia. Hafsa amejifungua. Mtoto wa kiume."

"Mashaallah," alisema Rehani, kwa sauti nyembamba.

Mama Jafari aliendelea kumenya. Ngozi ya muhogo ilianguka, na nyingine. "Alhamdulillahi," alisema mwishowe. "Kaa."

Bi Hamida akakaa, macho bado chini. Alitaka kuomba radhi, lakini kila neno alilolishika lilikuwa dogo. Akasema tu kwamba atakuja kila siku, kwamba atafua, atachota maji, kwamba Abilahi amekwenda na wanaume wengine kutazama kama daraja linaweza kuwekwa magogo kabla ya wiki kwisha.

"Sawa," alisema Mama Jafari. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akamshika mwenzake kidevu na kumwinua uso, kwa nguvu kidogo, kama anavyoinuliwa mtoto aliyekosa. "Lakini usinikalie hapa umeinama. Mtazame. Ana miezi minane na siku tano. Damu haimtoshi. Jana usiku alisema kichwa kinamuuma na anaona nyota, dalili mbaya hizo. Nakuhesabia yote, sikufichi hata moja, ili likitokea la kutokea usije ukasema hukuambiwa. Mtazame, Hamida."

Bi Hamida akamtazama.